Fahamu: Kwa nini mwezi huzungukwa na pete za rangi

Pete za rangi zinazoonekana kuuzunguka mwezi hazipo mwezini, bali hutokea katika anga la dunia, pale mwanga unapopita kwenye wingu jembamba lenye matone madogo ya maji yanayokaribiana kwa ukubwa, nayo yakautawanya hata rangi zake zikatengana, samawati ikibaki ndani na nyekundu nje. Umbo hili huitwa korona, na kadiri matone yanavyokuwa madogo ndivyo pete zinavyopanuka. Halo, ambayo wengi huichanganya na korona, husababishwa na chembe za barafu zenye pande sita katika mawingu ya juu sana, zinazoupinda mwanga kwa nyuzi 22 hivi, takriban shubiri moja ya mkono ulionyooshwa kuelekea angani, na wekundu wake hukaa upande wa ndani.