Pepo wa Saa Sita Mchana

Ukitaja kutafakari mbele ya Wakristo wengi wa kwetu, hakosi mmoja wa kuuliza kama hayo si mambo ya Wabudha. Hofu yake naielewa. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo ya kutuliza akili kwa wagonjwa wenye maumivu sugu, akichota kwenye mazoezi ya Kibudha na kuyavua udini wake. Tangu hapo mafunzo ya aina hiyo yameenea hospitalini, maofisini na kwenye simu, na aliyeyakuta huko hudhani kutafakari kote kumetoka huko. Lakini Kanisa lilikuwa na shule yake zaidi ya miaka 1,500 kabla, na shule hiyo ilikuwa Afrika, kwenye majangwa ya Misri.

Mmonaki wa Sketis au Kellia, makazi ya wamonaki katika majangwa hayo, aliketi kibandani kwake, majani ya mtende yaliyolowekwa maji yakiwa pembeni, akisuka kamba, mikeka au vikapu vya kuuza ili apate mkate. Vidole vikisuka, midomo ilinong'ona zaburi aliyoihifadhi kichwani. Anayejua kusuka ukili anafahamu jinsi mikono inavyoweza kuendelea na kazi huku moyo umeshakwenda zake. Wamonaki wale, walioitwa wazee wa jangwani, waliutafutia moyo huo mahali pa kukaa.

Haikuwa kazi nyepesi. Evagrio wa Ponto, shemasi msomi aliyeuacha mji wa Konstantinopoli na kufia jangwani mwaka 399, alimweleza adui yao kwa undani unaoshangaza. Alimwita pepo wa mchana. Huja kati ya saa nne asubuhi na saa nane, kwa hesabu ya kuanzia macheo kama yetu, na kulifanya jua lionekane limesimama. Humfanya mmonaki achungulie dirishani, atoke nje, apime jua limebakiza kiasi gani kufika saa tisa, wakati wa kula, kisha atupe macho huku na huku kama kuna ndugu anayekuja kumtembelea. Baadaye humchukiza mahali alipo na kazi ya mikono yake, na kumkumbusha jamaa zake na maisha ya zamani. Mfanyakazi anayeshika simu yake saa tano asubuhi wala hajapigiwa anamjua pepo huyu vizuri.

Dawa yao ilikuwa aya fupi ya Maandiko. Mwishoni mwa karne ya nne, Yohane Kasiano na rafiki yake Germano walimwendea Isaka, mmoja wa wazee hao wa jangwani, wakitaka kujua mtu afanyeje ili mawazo yasitangetange. Isaka aliwapa aya moja tu, ile inayofungua Zaburi ya 70, kilio cha kumwomba Mungu aje kusaidia upesi. Aliwataka waiseme wakienda kula, wakishikwa na hasira, wakikosa usingizi, hata mambo yakiwanyookea, maana hapo ndipo mtu anapojisahau. Kasiano aliipeleka aya hiyo hadi kusini mwa Ufaransa, akaiandika. Katika karne ya sita Mtakatifu Benedikto, ambaye Wabenediktini wanaitwa kwa jina lake, akaiweka mwanzoni mwa sala za watawa wake. Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walipofika Peramiho, kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1898, aya iliyotoka jangwani Misri ilikuwa imerudi Afrika.

Aya hiyo ni ombi, na ombi lina anayeombwa. Mkristo anayetafakari hivi haiachi akili yake tupu, anamgeukia Mungu anayemsikia. Kukaa wima na kupumua polepole si dhambi. Hata waraka wa Vatikano wa mwaka 1989 kuhusu tafakari ya Kikristo haukuzikataa njia za dini nyingine zote kwa jumla, bali ulionya zisifunike imani yenyewe. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mtu kujifungia na programu ya simu peke yake. Kimya huibua majeraha, na wazee wa jangwani walilijua hilo: kijana alipeleka mawazo yake kwa abba wake, yaani baba yake wa kiroho, akamfungulia yote.

Nasi tuna mahali pa kuanzia. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo nyingi husoma Injili kwa hatua saba zilizotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Katika hatua ya tatu kila mmoja huchagua neno au kifungu kifupi na kukitamka kwa sala. Ya nne ni kimya, nayo ndiyo inayopunjwa kuliko zote: kabla watu hawajatulia, mmoja ameshaanzisha wimbo, au mwenyekiti ameanza kusoma michango. Viongozi wa jumuiya, tuachieni dakika tano kamili. Atakayeona akili inakimbilia sokoni aishike aya ya mzee Isaka na kuirudia taratibu, na sala ikiisha awepo mtu mzima wa kumsikiliza.