Ukiulizwa Famasi Kama Unalipa, Usijibu Haraka

Bahasha za NHS Business Services Authority, zile zitokazo Newcastle upon Tyne, zimekuwa gumzo tena kwenye arusi na misiba ya Waswahili wa Uingereza. Ndani mna faini: hadi mara tano ya bei ya dawa, isiyozidi £100, na bei yenyewe juu yake. Siku 28 zikipita bila malipo, huweza kuongezwa hadi £50 nyingine. Wengi wanaozipokea hawakukusudia kumwibia mtu. Waliulizwa kaunta kama wanalipa, foleni ilikuwa ndefu, wakasema hapana, wakatia sahihi.

Sahihi hiyo ni tamko la mgonjwa. Kupewa dawa hakumaanishi kwamba kuna aliyethibitisha una haki ya kutolipa. Mara nyingi ukaguzi huja baadaye.

Wenye viza hukosea mapema. Mtu amelipa ada ya afya ya uhamiaji, £1,035 kwa kila mwaka tangu Februari 2024, na ana kila sababu ya kudhani amemalizana na NHS. Bado. Dawa nchini England ni £9.90 kwa kila aina, bei iliyowekwa Mei 2024, na ada ya viza haimsamehe mtu. Wales ilifuta malipo haya 2007, Ireland ya Kaskazini 2010, Uskoti 2011, ndiyo maana aliyehamia London kutoka Glasgow hushtuka akifika kaunta.

Mtego mbaya zaidi uko kwenye Universal Credit. Kuipokea hakukupi dawa bure moja kwa moja. Kinachotazamwa ni mshahara ulioingia mkononi katika kipindi cha tathmini kilichomalizika karibuni: usizidi £435, au £935 ikiwa malipo yako yana sehemu ya mtoto au ya ugonjwa unaopunguza uwezo wa kufanya kazi. Mchukue dada anayehudumia wazee, ana mtoto mmoja, analipwa £620 kila baada ya wiki nne. Karibu mwaka mzima yuko salama. Lakini wiki nne si mwezi, na mara moja kwa mwaka mishahara miwili huangukia kipindi kimoja: £1,240. Kipindi kinachofuata anatakiwa alipie dawa zake, na famasi hakuna wa kumkumbusha. Anaenda kama kawaida, anatia alama kama kawaida. Majibu anayapata kwa posta.

Mwenye kisukari anayetumia dawa naye hasamehewi na ugonjwa, anasamehewa na cheti, na cheti hicho huisha baada ya miaka mitano. Mjamzito vivyo hivyo: tumbo si ushahidi. Orodha yenyewe ya magonjwa yanayosamehewa ni ya 1968. Saratani iliingizwa 2009. Presha haimo, pumu haimo, na selimundu, inayojulikana sana katika familia zetu, haimo mpaka leo. Mtu angedhani zaidi ya nusu karne ingewatosha wizarani kukaa kitako na kuipitia upya.

Na wanaotoza faini nao hukosea. Ripoti ya National Audit Office ya Mei 2019 ilionyesha kuwa takriban notisi milioni 1.7 zilizotumwa tangu 2014 zilifutwa baadaye, kwa sababu waliotumiwa walikuwa na haki ya kutolipa. Kwa hiyo barua ikifika usiifiche kabatini wala usikimbilie kulipa. Piga simu kabla ya siku 28, ukiwa na cheti au taarifa za Universal Credit mkononi.

Ukiwa na shaka kaunta, lipa, lakini omba FP57 papo hapo. Hiyo ndiyo risiti ya kudai kurudishiwa pesa ndani ya miezi mitatu. Ukirudi kesho yake kuiomba, hupewi. Na asiye na msamaha ila ana dawa za kila mwezi, anunue cheti cha kulipia mapema: £114.50 kwa mwaka. Mwenye aina tatu kila mwezi angelipa £356.40 bila cheti hicho.

Lakini je, aina zote tatu anazihitaji? Septemba 2021 mfamasia mkuu wa England, Keith Ridge, alitoa ripoti iliyokadiria kuwa asilimia 10 ya dawa zinazotolewa nje ya hospitali hazikustahili kutolewa, na kwamba karibu mara moja kati ya tano mtu wa zaidi ya miaka 65 anapolazwa, chanzo ni madhara ya dawa. Si ajabu. Amlodipine ya presha inamvimbisha mzee miguu, uvimbe unaonekana kama ugonjwa mpya, anaongezewa ya kumkojoza. Omeprazole iliyowekwa kulinda tumbo dhidi ya naproxen inaendelea kuja ingawa naproxen ilishaachwa. Kuanzia miaka 60 dawa ni bure, basi wazazi wetu, kwa adabu zao, huchukua kila mfuko na kupanga juu ya friji. Zinazobaki husafirishwa kwenda Dar au Mombasa, wakati mwingine tramadol ikiwemo, kupitia Dubai, ambako dawa hiyo hudhibitiwa vikali. Mwenye tabia hiyo aache leo. Dawa zilizobaki hurudishwa famasi ziteketezwe.

Usiache dawa ya presha, kisukari au kifafa kwa uamuzi wako. Omba kliniki yako mapitio ya dawa, na uende na mfuko mzima: vidonge, habasoda, mlonge, vyote. Mkalimani wa Kiswahili ni bure, ila huombwa siku ya kupanga miadi. Mtoto wa miaka kumi na miwili asipewe kazi ya kueleza figo za bibi yake.