Jua la Langobaya na tokeni za Dabaso: mbona bei haijashuka?

Kilifi ni kaunti yenye mtambo mkubwa wa sola. Uko Langobaya, Kaunti Ndogo ya Malindi, na umekuwa ukizalisha umeme tangu mwisho wa 2021. Hata hivyo, mkazi wa Dabaso, Gede au Mida anaponunua tokeni, bei anayolipa ni ile ile anayolipa mkazi wa Kisumu au Nyeri. Ni haki yake kuuliza: jua ni letu, ardhi ni yetu, mbona stima si rahisi?

Makala haya yanaeleza safari ya umeme huo, sehemu za bili ambazo mwananchi anafaa kuzijua, na mahali ambapo sauti yake inaweza kubadilisha mambo.

UMEME WA LANGOBAYA HUENDA WAPI

Mtambo wa Langobaya unaweza kutoa megawati 40 jua linapowaka vizuri. Umeme huo hauletwi moja kwa moja Malindi, Watamu wala Dabaso. Huuzwa kwa kampuni ya Kenya Power kwa mkataba wa miaka 20, kisha huingizwa katika gridi ya taifa. Humo huchanganyika na umeme wa mvuke kutoka Olkaria, wa maji kutoka mabwawa ya Mto Tana, na wa upepo kutoka Kaunti ya Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, ambako mtambo mmoja pekee una uwezo wa megawati 310.

Gridi ni kama tangi moja kubwa linalojazwa na mabomba mengi. Anayechota hawezi kujua maji yake yametoka bomba gani, na bei ya ndoo ni moja kwa wote. Bei hiyo huwekwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) kwa nchi nzima. Serikali ya kaunti haina mamlaka ya kuipunguza.

Habari njema ni kwamba tangi hilo ni safi kuliko la nchi nyingi. Zaidi ya uniti 8 kati ya kila 10 zinazotumika Kenya hutoka kwa mvuke, maji, upepo na jua. Lakini hizo chache zilizobaki zina uzito wake kwenye bili.

JUA LIKITUA

Wakenya hutumia umeme mwingi zaidi jioni, watu wanaporudi nyumbani, taa zinapowashwa na chakula kinapopikwa. Mahitaji ya nchi saa hizo yameshapita megawati 2,300. Wakati huo huo jua la Langobaya limeshatua, na bila betri kubwa za kuhifadhi umeme wa mchana, mtambo wa sola hauwezi kusaidia.

Hapo ndipo mitambo ya mafuta huwashwa. Mmoja wake uko katika kaunti hii hii, kule Rabai, wenye uwezo wa takriban megawati 90. Mingine iko Kipevu, Mombasa. Gharama ya mafuta hayo hugawanywa kwa kila uniti inayouzwa nchini na kuonekana kwenye bili kama ada ya mafuta. EPRA hutangaza kiwango chake kila mwezi katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Ada hii haitofautishi mwenye hoteli na mama karanga anayeuza samaki chini ya taa moja. Kila uniti hubeba kiasi kile kile. Kwa hiyo, kila mtambo safi unaopunguza matumizi ya mafuta humsaidia pia mwananchi wa kipato cha chini, ingawa hauoni msaada huo ukiandikwa popote.

Ujumbe wa tokeni unaoingia kwenye simu huonyesha kiasi kilichonunua umeme wenyewe na kiasi kilichokwenda kwa ada nyingine. Katika ada hizo mna ada ya mafuta, VAT ya asilimia 16, na asilimia 5 ya mpango wa kupeleka umeme mashambani. Ni vyema kuusoma ujumbe huo kabla ya kuufuta.

UNITI 30 NA MITA YA KUSHIRIKIANA

Tangu Aprili 2023, wateja wa nyumbani wamegawanywa katika makundi matatu. Wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa kwa kila uniti. Wa uniti 31 hadi 100 hulipa zaidi, na wanaopita 100 hulipa bei ya juu. Kabla ya hapo, bei nafuu ilifika hadi uniti 100. Kundi la mteja hupangwa kwa wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu.

Uniti 30 zinatosha nini? Taa nne za LED za wati 9, zikiwashwa saa tano kila siku, hutumia kama uniti 5 na nusu kwa mwezi. Televisheni ndogo ya wati 40 kwa saa tano huongeza uniti 6. Ukiweka simu na redio, nyumba hiyo iko karibu na uniti 12, na iko salama ndani ya bei nafuu. Friji ndogo ikiongezwa, huenda ikavuka mpaka.

Tatizo kubwa liko kwenye nyumba za kupanga. Wapangaji watatu wa uniti 12 kila mmoja, wakitumia mita moja, huhesabiwa kama mteja mmoja wa uniti 36. Wote watatu hupoteza bei nafuu ambayo kila mmoja angeipata peke yake. Anayeumia hapa ni yule yule aliyekusudiwa kusaidiwa. Mwenye nyumba anaweza kuomba mita tofauti kwa kila mpangaji, na wapangaji wana sababu ya kulizungumza naye.

Mpaka huo wa uniti 30 unagusa jikoni pia. Familia nyingi za Dabaso bado hupikia kuni na makaa, na mzigo huo huangukia Msitu wa Arabuko-Sokoke na mikoko ya Mida, mahali kaa na samaki wadogo hukulia. Sufuria ya umeme ya presha hupika maharagwe kwa chini ya uniti moja. Lakini familia inayoacha makaa na kupika kwa stima kila siku huenda ikapita uniti 30 na kupandishwa kundi. Hili ni jambo ambalo wananchi wanaweza kulieleza EPRA inapokusanya maoni kabla ya kubadilisha bei.

WALIO MBALI NA LAINI

Kwa nyumba iliyo ndani ya mita 600 kutoka transfoma iliyo katika mradi wa kitaifa wa kusambaza umeme ulioanza 2015, ada ya kuunganishwa ni shilingi 15,000, na inaweza kulipwa kwa awamu. Mwenye nyumba hugharimia mwenyewe waya za ndani, na kwa wengi gharama hiyo ndiyo kizuizi.

Kwa vijiji vilivyo mbali zaidi, Kilifi ni moja kati ya kaunti 14 zilizo katika mradi wa sola wa KOSAP, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Mradi huo unahusu sola za nyumbani, majiko bora, mitambo midogo ya vijiji, na pampu za maji zinazotumia jua.

Anayenunua sola mwenyewe ahakikishe fundi ana leseni ya EPRA. Kanuni za 2012 zinamtaka kila anayefunga mitambo ya sola kuwa nayo. Betri isiyolingana na paneli huharibika mapema, na hasara huwa ya mnunuzi.

KUPELEKA UMEME KWENYE GRIDI

Kanuni za 2024 zimefungua mlango mwingine. Mteja wa Kenya Power mwenye sola isiyozidi megawati moja anaweza kuomba mita inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka. Umeme wa ziada anaoupeleka kwenye gridi mchana hurudishiwa kama uniti, kwa kiwango cha nusu: ukitoa uniti 100, unahesabiwa 50. Hoteli za Watamu zitanufaika kwa urahisi kwa sababu zina mapaa na mtaji. Shule, zahanati na vikundi vya wavuvi wenye friji za samaki vinaweza kunufaika pia, mradi vipate mtaji wa kuanzia.

MAHALI PA KUSEMA

Sheria ya Kawi ya 2019 imeweka mrabaha kwa mvuke wa ardhini: asilimia 75 kwa Serikali ya Kitaifa, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali hapo. Kwa jua, sheria hiyo haikuweka mgao kama huo. Ndiyo maana Langobaya haipati fungu la kisheria kutokana na kila uniti inayozalishwa, kama ambavyo jamii ya eneo la mvuke imewekewa. Kubadilisha hilo ni kazi ya Bunge, na wabunge wa Kilifi wanaweza kuulizwa.

Sheria hiyo hiyo inaitaka kila kaunti kutayarisha mpango wake wa kawi na kuuwasilisha kwa Waziri. Katiba nayo imezipa kaunti jukumu la kupanga usambazaji wa umeme. Pesa za kazi hiyo hupitia bajeti. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya hapo, wananchi huitwa kutoa maoni.

Mkazi wa Dabaso akihudhuria vikao hivyo aende na jambo mahususi: transfoma ya kijiji fulani, sola ya zahanati fulani, friji ya kikundi fulani cha samaki. Ombi lenye jina la mahali na idadi ya nyumba ni rahisi kuwekwa kwenye mpango, na ni rahisi pia kufuatiliwa mwaka unaofuata.

Kwa maswali kuhusu mita, tokeni au bili, piga *977# kwenye simu yoyote.