Uraniamu ya Shinkolobwe na Mishipa ya Moyo

Kiasi cha kilomita 20 kutoka Likasi, mji ulioitwa Jadotville zama za Wabelgiji, yako machimbo ya Shinkolobwe, ambako mwaka 1915 iligunduliwa uraniamu, na madini yake yakasafirishwa hadi Ubelgiji kukamuliwa radiamu, ambayo matabibu wa ulimwengu waliitumia kutibu saratani. Wajukuu wa wachimbaji wale wana haki ya kufahamu jinsi elimu iliyokuzwa kwa madini ya namna hiyo inavyouchungua moyo.

Moyo hujilisha kwa mishipa yake wenyewe, ambayo upana wake aghlabu ni milimita 3 au 4. Mafuta na chokaa vikijirundika katika kuta zake, njia husonga, na mtu hubanwa na kifua apandapo kilima au abebapo mzigo. Mwaka 1958, huko Cleveland, tabibu Mason Sones aliona kwa nasibu, mrija ulipoteleza mahali usipokusudiwa, kwamba mishipa hiyo yaweza kutiwa dawa na kuonekana katika eksirei. Kuupenyeza mrija mwilini, hata hivyo, si jambo jepesi, na skana ya kawaida haikufaa, kwa kuwa moyo hautulii; mpaka zilipokuja, karibu mwaka 2004, mashine zenye safu 64 za vipokezi, ambamo mgonjwa hupewa dawa ya kupunguza mapigo, huzuia pumzi kitambo, na picha hunaswa katika lahadha ile moyo utuliapo baina ya pigo na pigo.

Huko Uskoti wagonjwa 4,146 wenye maumivu ya kifua waligawanywa mafungu mawili. Baada ya miaka 5, waliokufa kwa maradhi ya mishipa ya moyo au kupatwa na shambulio la moyo walikuwa asilimia 2.3 katika fungu lililoongezewa skana hiyo, na asilimia 3.9 katika fungu la pili. Kwa rai yangu, lililowaokoa ni dawa walizoanzishwa mapema.

Lakini mshipa uliosonga si lazima uinyime misuli damu. Hilo hupimwa kwa teknetiamu, ambayo asili yake aghlabu ni uraniamu iliyopasuliwa viini katika tanuri la nyuklia: hudungwa mshipani, hufuata damu, na sehemu yenye njaa huonekana hafifu mgonjwa akiisha kufanya mazoezi.

Aendaye kupigwa skana amwarifu tabibu kama ana maradhi ya figo au hudhurika kwa dawa yenye iodini, ile itiwayo mishipani ili ionekane. Na mwenye maumivu makali ya ghafla, yaliyoandamana na jasho, akimbizwe hospitali saa ileile, bila kungoja picha yoyote.