Harufu ya Sabuni: Kazi ya Kemia, Si ya Pua Peke Yake

Watu wengi hudhani kwamba kuitia sabuni harufu nzuri ni kazi ya pua tu: yatafutwe mafuta yanayonukia, yatiwe, yakorogwe, basi. Lakini mafuta yanayodumu katika mchanganyiko mmoja huweza kuharibika upesi katika mwingine. Sababu yake ni ya kikemia, na mwanafunzi wa sekondari aweza kuielewa.

Tuanze na karafuu. Huko Pemba, mafuta hukamuliwa kutoka katika makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kwa kutumia mvuke. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, ambayo ni aina ya fenoli, na fenoli ni asidi dhaifu. Sabuni ya kipande ni ya kialkali. pH yake huwa kama 9 hadi 10. Eujenoli ikiwa katika alkali hushambuliwa kwa urahisi na oksijeni ya hewani, na sabuni iliyokuwa nyeupe hugeuka kuwa ya kahawia. Tena, fundi atengenezaye sabuni bila kuipika huona mchanganyiko ukiganda kabla hajaumimina katika kalibu. Hii haina maana kwamba karafuu haifai. Yafaa, mradi itiwe kidogo, katika sabuni ambayo rangi ya kahawia si aibu kwake.

Maua ya langilangi yana tatizo jingine. Sehemu ya harufu yake hutokana na esta. Alkali kali huivunja esta ikawa alkoholi na chumvi ya asidi. Ni mmenyuko ule ule unaoyageuza mafuta ya nazi kuwa sabuni. Katika dawa ya kulainishia nguo, ambayo huwa na asidi kidogo, esta nyingi hudumu zaidi. Hapo swali huwa jingine: je, harufu itabaki nguo ikikauka? Molekuli nyepesi, kama zile za ganda la chungwa, huruka upesi. Nzito hung'ang'ania uzi.

Mchanganyiko mgumu kuliko yote ni dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ambayo wengi huiita jiki. Ndani yake mna hipokloriti ya sodiamu, inayooksidisha karibu kila kitu chenye harufu. Sitrali ya mchaichai haidumu humo; baadhi ya etha hustahimili.

Hapa pana hatari ya kweli. Mtu asijaribu kuitia dawa hiyo ndimu au siki ili inukie. Asidi hufukuza gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu na huweza kuua.

Ndugu mwalimu, jaribio salama ni hili. Chukua chupa tatu: ya maji ya sabuni, ya siki iliyozimuliwa, na ya maji matupu. Tia matone mawili ya mafuta ya karafuu katika kila moja. Andaa nyingine tatu kama hizo zisizo na mafuta, kwa kulinganisha. Mafuta yasiguse ngozi, kwani huiwasha. Kwa wiki nne, wanafunzi waandike rangi na harufu ya kila chupa, kisha waeleze walichokiona kwa milinganyo ya kemia. Fundi wa sabuni naye afanye hivyo hivyo kabla ya kununua mafuta ya pipa zima.