Ukishamwombea, mpe dawa yake



Ndugu msomaji, msimu wa korosho ukifika, huku kwetu Newala na Masasi kila mkono unahitajika shambani. Basi kijana ambaye mwaka jana alikuwa akibishana na sauti zisizosikiwa na mtu mwingine, leo anaokota korosho sawa na ndugu zake. Watu wanasema, "Amepona." Mwingine anaongeza kwamba ameshaombewa, na kuendelea kumeza vidonge ni kukosa imani. Dawa zinaachwa.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Dawa mseto ya malaria tunaimeza siku tatu, tunamaliza. Dawa za magonjwa makubwa ya akili, kama kloropromazini na haloperidoli, haziko hivyo. Zinatuliza ugonjwa maadamu zinatumiwa. Kijana yule anaokota korosho kwa sababu dawa inafanya kazi. Akiiacha, anaweza kukaa wiki au hata miezi akiwa mzima, kisha ugonjwa ukarudi. Kufikia hapo, wote wamesahau kwamba dawa iliachwa, na anayelaumiwa ni jirani, eti amemloga.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kwamba tabibu ameumbwa na Mungu, na kwamba Mungu ndiye aliyezitoa dawa katika ardhi. Anamtaka mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi yake. Hakuona ugomvi kati ya hayo mawili. Hata Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1673, inaagiza tuhakikishe kwanza kwamba si ugonjwa kabla ya kufikiria kupunga pepo.

Lakini tusiwafiche wagonjwa: dawa hizi zina maudhi yake. Zinaweza kuleta usingizi, kutetemeka, kukakamaa mwili, kunenepa, au hali ya kushindwa kutulia mahali pamoja. Pengine, hasa siku za mwanzo, shingo hupinda na macho hugeuka juu. Anayeona hudhani pepo limezidi, akaita waombaji. Mpeleke hospitali, ipo dawa ya kumlegeza haraka. Na akipata homa kali huku mwili umekakamaa na amechanganyikiwa, usisubiri kupambazuke. Hiyo ni dharura.

Maudhi yakimsumbua, mrudishe kwa daktari. Anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, au kumpa sindano ya kila mwezi badala ya vidonge. Uamuzi huo si wa shangazi, wala si wangu mimi padre. Akisahau dozi, asimeze mbili kwa pamoja. Uraka wa mabibo na gongo akae navyo mbali, maana pombe huongeza usingizi na kuvuruga tiba. Anayetumia kloropromazini huungua ngozi na jua kwa urahisi. Shambani avae kofia na shati la mikono mirefu, na anywe maji ya kutosha.

Wanajumuiya, hapa tuna kazi. Abasia ya Ndanda, iliyoanzishwa mwaka 1906, ina hospitali jirani na kanisa. Waliotuletea Injili walituletea na tiba. Sisi tunaweza kuchanga nauli ya kliniki, kumsindikiza mgonjwa, na kuacha kumwita kichaa.

Katika Marko sura ya 5, mtu wa Gerasa aliwahi kufungwa minyororo. Yesu alipomponya, watu walimkuta ameketi, amevaa, ana akili timamu. Kisha Yesu akamrudisha nyumbani kwa watu wake. Nyumba hiyo ndiyo yetu. Dawa ikiachwa kiholela, mnyororo huanza kutafutwa tena.

Kwa hiyo leo, baada ya kumwombea mgonjwa wako, muulize pia: dawa zimebaki za siku ngapi?