Kushoto Kwanza: Mtoto wa Kalemie na Njia ya Shule

Mtoto wa darasa la kwanza, ambaye nchini Kongo huanza masomo akiwa na miaka 6, huiona barabara tofauti na mtu mzima, kwa kuwa kimo chake hakimruhusu kuona nyuma ya gari lililoegeshwa, na hata akiiona pikipiki ya abiria inayokuja hawezi kukadiria itamfikia upesi kiasi gani. Uwezo wa kupima mwendo na umbali kwa pamoja hukomaa polepole, kwa wengi hadi miaka 9 au 10, hivyo kumwacha avuke peke yake kabla ya hapo ni kumtwika mzigo usio wake.

Kanuni ya kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena inazifaa Tanzania, Kenya na Uganda, ambako magari hupita kushoto. Nchini Kongo magari hupita kulia, na chombo cha kwanza kumfikia anayevuka hutokea kushoto kwake, kwa hiyo shingo ianze kugeukia huko. Mjini Kalemie, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, jambo hili si dogo hata kidogo, kwa sababu ng'ambo ya ziwa ni Kigoma nchini Tanzania, ambako familia nyingi zilizokimbia vita vya Kongo ziliishi katika kambi kama Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996. Mtoto aliyezoea kuvuka barabara huko hurudi na mazoea yanayomwelekeza upande usio sahihi.

Mazoea hayo hayaondolewi kwa ubao na chaki. Mzazi amshike mtoto kifundo cha mkono, maana vidole huchopoka, wasimame hatua moja kabla ya ukingo wa barabara, kisha mtoto aseme kwa sauti anachokiona: pikipiki inakuja, tungoje. Baada ya wiki kadhaa mtoto ndiye aongoze, mzazi afuate. Reli ya Kalemie iendayo Kabalo, iliyofika ziwani mwaka 1915, nayo ina somo lake, kwani treni isiyopita kila siku husahaulika, na watoto huifanya njia yake kuwa njia yao.

Hata hivyo, wajibu haumwangukii mtoto peke yake. Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend limejenga matuta, yaani vinundu vya kupunguza mwendo, pamoja na njia za waenda kwa miguu karibu na shule. Watoto wa Kalemie wanastahili matuta kama hayo, kwa kuwa mtoto wa miaka 6, hata afundishwe vizuri namna gani, siku moja atamkimbilia rafiki aliye upande wa pili bila kutazama kushoto wala kulia.